Laini mbili, kompyuta moja: mzigo wa Olumbi unapita mlango gani?

WAFANYABIASHARA wa Olumbi, kwenye pwani ya wilaya ya Palma kaskazini mwa Cabo Delgado, wamezoea kuhesabu njia. Anayetaka bidhaa za Mtwara anaweza kupanda kwa barabara hadi Palma, akapita Quionga na Namoto, akavuka Ruvuma na kutokea Kilambo. Anaweza pia kungoja upepo umkubali akaenda kwa chombo. Kama mzigo ni wa lori zito, lipo Daraja la Umoja kule Negomano na Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, ingawa kwa mtu wa pwani huko ni kuzunguka sana. Kila njia ina bei yake, hatari yake na karatasi zake. Hakuna anayepakia magunia kwanza halafu ndipo akauliza yatapita wapi.

Kwenye kompyuta mambo hayaendi hivyo. Duka lenye kompyuta mpakato moja siku hizi linaweza kuwa na intaneti mbili: dishi la setilaiti juu ya bati, na modemu ndogo yenye laini ya simu. Ya pili imenunuliwa ili mwenye duka asikwame ya kwanza ikikata. Akishazichomeka zote anaamini kazi imekwisha, kwamba ikifa hii itashika ile. Mara nyingi haishiki. Kompyuta imechagua njia bila kumuuliza, na imechagua kwa kigezo ambacho mwenye mali asingekitumia hata kwa gunia moja la mchele.

Olumbi, ambayo pia huandikwa Olumbe, iko chini ya kilomita 100 kutoka Mtwara kwa mstari ulionyooka. Maputo, makao makuu ya nchi, iko zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara. Biashara inaelekea kaskazini, lakini ujumbe unaotoka dukani kwa laini ya Msumbiji kwa kawaida hushuka kwanza kusini, mara nyingine ukatoka nje ya nchi kabisa, ndipo urudi kupanda hadi Dar es Salaam na Mtwara. Kwa barua pepe ya kawaida hilo halimuumizi mtu. Linaanza kuuma pale njia moja inapokatika katikati ya malipo.

Kwa nini watu hununua laini ya pili

Sababu zinajulikana na kila mwenye duka kwenye ukanda huu. Tangu Oktoba 2017, mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia, minara ya simu haijawa kitu cha kutegemewa. Machi 24, 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, simu za kawaida zilikatika wakati watu walipozihitaji kuliko siku zote, na wenye simu za setilaiti ndio walioweza kuita. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeipiga Cabo Delgado Aprili 2019. Kimbunga Chido kikafuata Desemba 2024, kusini mwa Pemba. Upepo wa aina hiyo hauachi nguzo wala mnara.

Yapo na ya mbali. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika siku moja kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, na nchi kadhaa kuanzia Msumbiji hadi Uganda zikapungukiwa na kasi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Mwishoni mwa Oktoba na mnamo Novemba mwaka huo huo, baada ya uchaguzi wa Msumbiji, intaneti ya simu ilizimwa na kuwashwa mara kadhaa nchini humo. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilikatwa upande wa pili wa mto, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa.

Mfanyabiashara aliyepitia hayo yote haoni ubadhirifu kulipia laini mbili. Huduma ya Starlink ilianza kuuzwa Msumbiji Juni 2023, na tangu hapo dishi si jambo la kampuni za gesi na mashirika ya misaada peke yao. Lakini kabla ya kununua laini ya pili inafaa kuuliza inashirikiana nini na ya kwanza. Laini za Vodacom na Movitel zinaweza kuwa kampuni mbili zinazoshindana kwenye matangazo na bado zikategemea barabara moja ya waya kwenda kusini. Mti mmoja ukianguka, zote mbili kimya. Dishi na simu haviko hivyo. Vinashirikiana kitu kimoja tu, betri ya sola ya dukani, na hicho mwenye duka anaweza kukilinda mwenyewe.

Imeunganishwa na nani?

Tuchukue duka la kukisia, lakini si geni kwa yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya namna hiyo. Mama mwenye duka ana vitenge na mafuta ya kula vinavyongoja Mtwara. Wakala wake amemtumia namba ya kumbukumbu ya malipo na anataka nakala ya ankara iliyosainiwa kabla benki haijafunga. Saa ya ukutani pale Olumbi inasema saa nane na nusu. Mtwara ni saa tisa na nusu tayari, kwa kuwa Tanzania iko mbele ya Msumbiji kwa saa moja. Hilo peke yake limewahi kuwalaza watu wengi mpakani.

Anabonyeza kutuma. Kiduara kinazunguka. Chini ya kioo kompyuta inaonyesha alama ya waya, imeunganishwa. Modemu nayo imechomekwa, taa yake ya kijani inawaka, na bando lake halijaguswa. Kumbe malipo ya mwezi ya dishi yamepita muda tangu asubuhi. Ruta ya dishi ipo, ina umeme, inaitika kila ikiulizwa, ila nje ya ukuta wa duka haiendi popote. Na kompyuta inaendelea kumimina kila kitu kwenye mlango huo uliozibwa, huku mlango wa pili uko wazi hatua moja pembeni.

Fundi yeyote angemjibu kwa sentensi moja: mama, hiyo imeunganishwa na ruta, haijaunganishwa na Mtwara. Angechomoa waya, na ankara ingeondoka kupitia modemu ndani ya dakika moja. Mama angefurahi, na angebaki na swali la haki kabisa: kwa nini mashine isione yenyewe?

Simu za mkononi zimemharibia matarajio. Simu nyingi za Android zikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye laini zenyewe, kimya kimya. Kompyuta mpakato haina tabia hiyo kwa uhakika. Ndani yake kuna orodha inayoitwa jedwali la njia, na kila safu ya jedwali inasema: anwani za namna hii, zipeleke kwenye lango lile. Safu ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, ile ya “popote pengine”. Kompyuta yenye intaneti moja ina safu moja ya popote pengine. Yenye intaneti mbili ina mbili, na ni lazima ipendelee moja.

Kinachoamua ni namba inayoitwa metriki. Ichukuliwe kama nauli: njia yenye nauli ndogo ndiyo inayopandwa. Windows, ikiachwa ipange yenyewe, hutoa nauli hiyo kwa kuangalia kasi ya kiungo, na hapa ndipo mtego ulipo. Kasi inayoangaliwa ni ile kati ya kompyuta na ruta iliyo pale pale dukani. Haihusiani na kasi ya kutoka dukani kwenda duniani. Waya mzuri wa mita mbili unaoingia kwenye ruta iliyokatiwa huduma utaonekana bora kuliko modemu yenye intaneti hai. Ni sawa na kusifia barabara kwa lami ya mbele ya nyumba yako bila kujua kama daraja la mbele limesombwa.

Kuliangalia jedwali hakuhitaji fundi. Kwenye Windows hufunguliwa kile kidirisha cheusi cha amri na kuandika route print. Juu kabisa ya orodha ya IPv4 zitatokea safu zinazoanza na 0.0.0.0, hizo ndizo za popote pengine, na mwisho wa kila safu pana metriki yake. Mwenye duka akiona 25 mbele ya lango la dishi na 50 mbele ya lango la modemu, amejua kila kitu anachohitaji kujua kuhusu mzigo wake unapita wapi leo.

Kubadilisha ni kazi ya dakika tano. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, na miunganisho yote itaonekana. Kwenye sifa za kila mmoja kuna IPv4, ndani yake mipangilio ya ziada, na chini kabisa kisanduku cha Automatic metric. Kompyuta zenye Windows ya Kireno zinakiita Métrica automática. Toa alama, andika 10 kwa njia kuu na 50 kwa ya akiba. Wenye Mac wana orodha ya mpangilio wa huduma. Huvuta ile wanayoitaka na kuiweka juu.

Wengi huishia hapo, kisha hushangaa nusu ya trafiki bado inapita kwenye dishi. Sababu ni kwamba Starlink hutoa anwani za aina mbili, IPv4 za zamani na IPv6 za sasa, na kila aina ina jedwali lake. Kupanga moja na kuacha nyingine ni kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani. Sehemu ya IPv6 ina kisanduku kile kile, na hupewa namba zile zile.

Jambo moja lisipite kimyakimya. Metriki hupanga nani aende mbele. Haipimi kama aliye mbele yu hai. Yule mama akiweka dishi kuwa 10 na modemu 50, dishi likikatiwa huduma atakwama vile vile, ila sasa atajua kwa nini na waya upi wa kuchomoa. Kwa duka la kompyuta moja, mkono wa mwenye duka bado ndio swichi bora, na haugharimu kitu.

Nyumba mbili zenye namba moja

Kuna kosa jingine linalowapotezea mafundi vijana siku nzima, na linastahili nafasi kubwa kuliko linavyopewa. Ruta zinapotoka kiwandani huja na anwani zilizokwisha kupangwa. Ya Starlink hutumia 192.168.1.1. Ruta nyingine nyingi, za kampuni ambazo hazijuani, hutumia hiyo hiyo. Modemu nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1, na huo ni msaada usiokusudiwa, kwa sababu anayeziunganisha na dishi hapati tabu. Lakini akileta ruta nyingine ya laini ya simu yenye 192.168.1.1, duka sasa lina nyumba mbili mtaa mmoja na zote zina namba moja mlangoni.

Kompyuta ikiambiwa ipeleke mzigo kwa 192.168.1.1 haina njia ya kujua ni nyumba ipi. Dalili zake ni za kuudhi: mtandao unafanya kazi, unakata, unarudi, na kila mara sababu inaonekana kuwa nyingine. Watu hubadilisha waya, hubadilisha laini, huita fundi wa pili aliye ghali kuliko wa kwanza. Dawa ni kuingia kwenye ukurasa wa moja ya ruta hizo na kuipa mtaa wake, mathalani 192.168.50.1, kisha kuiwasha upya. Fundi anayefunga laini ya pili bila kuangalia hili kwanza amefanya nusu ya kazi.

Majina nayo hukwamisha. Kabla kompyuta haijapeleka kitu benki, huuliza jina la tovuti ya benki lina anwani gani, na swali hilo hujibiwa na seva ya majina ya kampuni ya intaneti. Baadhi ya kampuni hazijibu maswali yanayotoka nje ya mtandao wao. Hivyo duka linaweza kuhamia laini ya akiba, laini ikawa nzima, na bado kila ukurasa ukagoma kufunguka kwa sababu kompyuta inamuuliza mtu ambaye hawezi tena kuisikia. Kuweka seva za majina za wote, kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8, kwenye miunganisho yote miwili kunaondoa tatizo hilo.

Jibu linalotoka mlango usio wake

Wenye ghala Mtwara na duka Olumbi hukutana na tatizo la aina nyingine. Tuseme ghala lina waya wa faiba wenye anwani ya kudumu, na kompyuta ndogo ya Linux inayotunza hesabu ya bidhaa. Duka la Olumbi huingia humo kila jioni kuona kilichobaki. Mwenye mali anaongeza modemu ya simu pale ghalani kwa ajili ya tahadhari, na kuanzia siku hiyo Olumbi haiingii tena. Faiba ni nzima. Modemu ni nzima. Ghalani wote wanaperuzi bila shida.

Kilichotokea ni hiki. Ombi la Olumbi linaingia kwa mlango wa faiba. Seva inaandika jibu, inaangalia jedwali lake, inakuta njia ya popote pengine imeshahamia modemu, na kulitupa jibu huko. Jibu hilo likibahatika kutoka, litafika Olumbi likiwa na anwani ya mtu asiyefahamika. Kompyuta ya Olumbi ilibisha hodi kwa faiba na inangoja faiba iitike, kwa hiyo hulitupa. Mara nyingi halifiki hata huko, kwa kuwa mitandao mingi hukataa kupitisha mzigo wenye anwani ya mtumaji isiyo ya kwao. Ni kama mzigo wenye karatasi za Kilambo ukapelekwa Mtambaswala: afisa hana rekodi yake, na hana sababu ya kuuonea huruma.

Tatizo si geni. Waraka wa mafundi wa intaneti uitwao RFC 1122, wa Oktoba 1989, ulikuwa tayari na sehemu juu ya kompyuta zenye anwani zaidi ya moja, na ulieleza mitazamo miwili, mmoja mkali na mmoja legevu. Kwa mtazamo mkali, kilichoandikwa kwa anwani ya mlango fulani hutoka kwa mlango huo tu. Kwa mtazamo legevu, mlango wowote unafaa. Windows imefuata ule mkali tangu toleo la Vista. Linux hufuata ule legevu, na Linux ndiyo inayokaa kwenye seva nyingi ndogo na kwenye matumbo ya ruta.

Dawa yake ni kuipa Linux jedwali la pili na kanuni ya kulitumia. Kama seva inaitwa 192.168.1.10 upande wa faiba na lango la faiba ni 192.168.1.1, fundi huandika ip route add default via 192.168.1.1 table 10, kisha ip rule add from 192.168.1.10 table 10. Kwa maneno ya kawaida: chochote kinachoondoka kikiwa na jina la faiba kitafute njia kwenye jedwali namba 10, na jedwali hilo lina mlango mmoja tu. Amri hizo hufutika seva ikizimwa, kwa hiyo fundi aulizwe ameziandika wapi ili zirudi umeme ukirudi. Ni swali dogo linalotenganisha mafundi.

Laini ya ng'ambo

Vodacom ipo pande zote mbili za Ruvuma, na M-Pesa ipo pande zote mbili, Tanzania tangu 2008 na Msumbiji tangu 2013. Jina ni moja, laini ni mbili, moja ya shilingi na moja ya meticali. Movitel ya Msumbiji na Halotel ya Tanzania nazo zina mwenye hisa mmoja, Viettel ya Vietnam, na bado kila moja inahesabu mteja wa mwenzake kuwa mgeni. Mwaka 2006 Celtel ilifuta gharama za ugeni kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza eneo moja la mawasiliano. Ruvuma haijawahi kuingizwa kwenye hesabu hizo. Msumbiji iko SADC pamoja na Tanzania, lakini si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bei ya kutumia laini ya Tanzania ukiwa Olumbi inakumbusha hilo kila dakika.

Hata hivyo laini ya Tanzania ikiwa ugenini ina faida moja ambayo wachache wanaijua. Kwa kawaida data zake hurudishwa kwanza kwenye kampuni yake nyumbani na kuingia intaneti kutokea huko. Tovuti inayomwangalia mteja inaona anwani ya Tanzania. Dishi halifanyi hivyo. Trafiki yake inaweza kushuka kwenye kituo cha nchi nyingine kabisa, na benki ikashangaa mteja wake wa Palma anaingia kutoka mji asioujua. Kama mfumo fulani wa Tanzania unamkataa mtu aliye nje ya nchi, megabaiti chache za gharama kupitia laini hiyo zinaweza kumaliza kazi ambayo dishi lisingeimaliza kwa wiki.

Ni hapo njia mahususi inapofaa. Kompyuta inaweza kuambiwa kwamba kundi fulani la anwani lipite modemu, na mengine yote yabaki kwenye dishi. Kwa Windows amri ni route -p add, ikifuatwa na anwani, kipimo chake na lango la modemu. Herufi p ndiyo inayoifanya idumu baada ya kuzima. Tahadhari: tovuti kubwa hubadilisha anwani na hutumia nyingi kwa pamoja, kwa hiyo njia iliyoandikwa leo inaweza kupitwa na wakati. Kwa mfumo wa ofisi wenye anwani isiyohama inafaa sana. Kwa kurasa za matangazo na video haifai kujisumbua.

Laini ya M-Pesa isiwekwe kwenye modemu. Ombi la kuingiza namba ya siri huja kwa njia ya mnara moja kwa moja kwenye simu yenye laini hiyo, halipiti intaneti, na modemu haina kioo cha kulionyesha. Ujumbe mfupi wenye namba za uthibitisho huishia ndani ya modemu. Kwenye modemu nyingi za Huawei unaweza kusomwa kwa kufungua 192.168.8.1 na kutafuta sehemu ya ujumbe. Wapo waliokwisha kuamini benki haijawatumia kitu.

Na bando lilindwe. Windows ikipata njia hupakua masasisho yake bila kuona haya, na haijui kwamba njia ya leo ni ile ya akiba inayolipiwa kwa megabaiti. Kwenye mipangilio ya muunganisho wa modemu kuna swichi ya Metered connection. Ikiwashwa, masasisho makubwa hungoja. Duka lililohamia laini ya akiba usiku bila swichi hiyo linaweza kuamka asubuhi na laini mbili zilizokufa.

Ruta yenye milango miwili

Duka lenye kompyuta tatu au zaidi, au wakala anayehudumia wengine, ana sababu ya kununua ruta inayopokea intaneti mbili na kuchagua yenyewe. Zipo za bei nafuu. Muuzaji atasifu uwezo wa kuchanganya laini zote mbili kwa pamoja ili kasi iongezeke. Kwa mfanyabiashara sifa hiyo ina madhara. Benki inayoona mteja ameingia kwa anwani moja na kubonyeza malipo kwa nyingine sekunde tano baadaye ina haki ya kumtoa nje, na mara nyingi humtoa. Mpangilio wa kuomba ni ule wa kuu na akiba, ambapo ya pili haiguswi mpaka ya kwanza ife.

Kisha kuna kipimo cha kifo. Ruta nyingi, zikiachwa zilivyo, huangalia kama lango la jirani linaitika. Lango la dishi lililokatiwa huduma huitika vizuri sana, kama tulivyoona dukani kwa mama. Ruta iambiwe ipime kitu kilicho mbali, 8.8.8.8 kwa mfano, na ipime kupitia kila mlango peke yake. Ikikosa jibu mara tatu au nne mfululizo ihame. Jibu likirudi, isikimbilie kurejea hapo hapo, maana laini inayopepesuka itamkatisha mtu kila dakika.

Jaribio lenyewe halifanywi kwa kuchomoa waya unaotoka kwenye ruta, kwa kuwa hilo hata ruta mbovu inalijua. Huzimwa dishi, na ruta yake ikaachwa ikiwaka. Mtu mmoja anakaa kwenye kompyuta akituma picha za ankara kwa wakala wa Mtwara, mwingine anashika saa. Ifanywe siku isiyo na mzigo mpakani, na mapema, kabla ya saa tatu asubuhi za Olumbi. Mtwara itakuwa saa nne, wakala yuko mezani, na likitokea kosa kuna muda wa kumpigia fundi.